Salamu Iliyoimbwa Wakati wa Kuaga

Kicheko kilianzia nyuma ya ukumbi, karibu na madirisha, mahali walipokuwa wameketi wanawake wa bonde la Ruzizi walioshuka asubuhi ile kuuza mchele Uvira. Jukwaani, Florentine alikuwa amefumba macho. Tulikuwa tumefika kwenye tukio ambalo sote tuliamini lingewatoa watu machozi: mdogo mtu amejitwika mzigo, boti inamngoja kumpeleka ng'ambo ya ziwa, naye dada mkubwa anamkumbatia na kumwimbia. Florentine aliimba vizuri mno. Kadiri alivyozidi kuimba vizuri ndivyo wale wanawake walivyozidi kucheka, hata mmoja wao akajifunika uso kwa kitenge huku mabega yakimtikisika.

Lilikuwa onyesho la majaribio tu. Tulikuwa tumefungua milango ya ukumbi wa parokia ili yeyote mwenye nafasi aingie kusikiliza, kabla ya Dominika ya onyesho lenyewe. Mchezo wetu ulikuwa wa kuimba tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno niliyaandika mimi, muziki aliusimamia Jean-Berchmans, mwalimu wa kwaya, na nafasi ya dada mkubwa ilikuwa ya Florentine bila mtu yeyote kubisha.

Nimweleze kwanza, maana nje ya Kavimvira, mtaa wetu wa Uvira, si wengi wanaomfahamu. Florentine ni mshonaji. Mashine yake ya kukanyaga kwa miguu iko barazani, mita chache tu kutoka barabarani, na wateja wake humwita Mama Espoir kwa jina la kifungua mimba wake. Mama yake mzazi alikuwa mwanikaji wa ndagala kule ufukweni, na kazi ya kwanza ya Florentine duniani ilikuwa kufukuza kunguru wasiibe samaki waliotandazwa juu ya mchanga. Mchanga ule haupo tena. Ziwa lilipopanda lilimeza ufuko, likameza na jiko la mama yake, na leo ukisimama pale unaona mapaa mawili ya bati yanayotokeza majini na mitumbwi ikipita katikati yake.

Florentine huimba anaposhona. Hawezi kujizuia, miguu ikianza kukanyaga, sauti inafuata. Tabu ni kwamba mshono nao hufuata wimbo. Akiimba wimbo wa harusi, pindo hukimbia na kupinda. Majirani wana utani wao: ukitaka kola iliyonyooka, mpelekee kitambaa wakati wa Kwaresima.

Ni barazani pale alipoisikia ile salamu. Wateja wawili, wanawake wa bondeni wasemao Kirundi, walikutana mbele ya mashine yake bila kutarajia, baada ya kupoteana muda mrefu. Hawakupeana mikono. Walikumbatiana, mmoja akaanza kuimba kwa sauti ya chini, maneno yakikimbilia kwenye mlio wa haraka usio na maneno, na mwingine akaidaka sauti ile katikati, akaikata, akairudisha, hata haikujulikana tena ni kinywa cha nani kinachoimba. Barundi huiita akazehe. Ni salamu ya wanawake, na siku hizi ni wachache wanaoijua. Florentine aliacha kitambaa kikateremka chini ya sindano.

"Mama zangu, muimbe tena!" aliwaomba.

"Tena namna gani?" mmoja alimjibu, akicheka. "Tumekwisha kuonana."

Alilichukulia jibu lile kuwa ni haya ya wageni. Lakini mlio ulikwisha kumwingia, na ndani ya siku chache alikuwa ameushika wote, sauti ya kwanza na ya pili, akauleta kwetu mazoezini. Alipomaliza tu, Jean-Berchmans alipiga meza kwa kiganja.

"Hii njo yenyewe! Fasi ya kuagana ilikuwa inakosa roho. Roho njo hii!"

Sauti ya pili ilipewa kwaya nyuma ya pazia, na mimi nilifurahi kuliko wote, kwa kuwa ukurasa wa kuagana ulikuwa umenishinda kuuandika. Chuoni nilikuwa nimesoma mengi juu ya watu wa mbali wanaochukua nyimbo za wengine na kuzipandisha jukwaani kwa mavazi mazuri. Nilikuwa na maoni makali sana juu ya jambo hilo. Haikunijia akilini kwamba lingeweza kupakiwa kwenye moto, pikipiki zetu za kukodi, na kusafiri asubuhi moja tu, kutoka Luberizi kule bondeni hadi Kavimvira.

Basi wanawake wa bondeni walicheka, na mchezo wa majaribio ulipokwisha, Florentine hakungoja kubadili nguo. Aliwafuata uani walikokuwa wakikusanya mabeseni yao.

"Mama zangu, juu ya nini munanicheka?"

Yule aliyekuwa amejifunika kitenge alikuwa mama mnene, mwenye pengo la jino la mbele. Jina lake Ndayisenga, mkulima wa mpunga.

"Mutoto yangu, usikasirike. Unaimba muzuri, kabisa! Lakini uko unasalimia mutu mwenye iko anaenda!" Kicheko kikamrudia. "Ni kama mugeni anabeba bagaji yake, anatoka ku mulango, na weye unamuambia: karibu, ikala, nikuletee maji!"

Wenzake walishikana mabega kwa kucheka, na Florentine naye alianza kutabasamu. Hapo ndipo mmoja wao, kijana kuliko wengine, aliuliza bila kucheka:

"Na nani alikupatia ile?"

"Nilisikia tu."

"Ulisikia. Haya." Akajitwika beseni lake na kutangulia barabarani.

Swali lile halikumtoka Florentine. Juma lile mashine ya Kavimvira ilifanya kazi bila wimbo. Mishono yote ilinyooka, mapindo yote yakakaa sawa, na wateja wakaanza kuulizana kama Mama Espoir anaumwa.

Jean-Berchmans alimfuata barazani nami nikiwa pamoja naye.

"Sasa juu ya kicheko ya mama watatu tuharibu mchezo? Dada, muziki haiko na barriere, haiko na mupaka. Batu ba Kinshasa banachukuaka ya kwetu, ba Bujumbura banachukuaka ya Kinshasa, na hakuna mwenye anaombaka ruhusa."

"Sitafuti ruhusa minye," Florentine alisema, akikata uzi kwa meno. "Nataka banijibu."

"Bakujibu nini?"

"Ile wimbo iko na bantu babili, Jean-Berchmans. Mumoja anaanza, mwingine anajibu. Niliimba mbele yao, na hakuna hata mumoja alinijibu. Banacheka. Kama haiwezi kujibiwa mu kinywa changu, basi si yangu, na ile nafasi mupatie mutu mwingine. Nitabakia na mashine yangu."

Jean-Berchmans alinitazama ili nimsaidie. Nilijua tu kwamba bila Florentine hapakuwa na mchezo, na kwamba yeye hakuwa akitishia tu.

Siku iliyofuata tulikodi moto mbili, yeye na mimi, tukashika njia ya bondeni. Kulikuwa na jua kali baada ya mvua. Tulipita Sange siku ya soko, tukapunguza mwendo kati ya mbuzi na magunia ya mihogo, kisha bonde likafunguka pande zote, kijani kibichi hadi kwenye milima. Ukikaribia Luberizi, mpunga uliovunwa huanikwa juu ya mashitingi, maturubai ya plastiki, kando ya barabara, na ndipo tulipomkuta Ndayisenga, peku, akiugeuza mpunga kwa reki ya mti na kuwatukana kuku wa jirani.

Florentine alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Nilimsikia akiyarudia tuliposimama kunywa maji: samahani, sikujua, naomba. Hakupata kulisema hata moja. Ndayisenga alimwona akishuka, akaitupa reki, akaja mikono wazi, akamkumbatia na kuanza kuimba.

Naye Florentine, ambaye alikuwa ameishika salamu ile yote kichwani, alisimama kama nguzo. Aliyejifunza kwa kusikiliza pembeni hajui inavyokuwa sauti ile inapokujia mwenyewe, shavuni, na pumzi ya mtu ndani yake.

Ndayisenga alikatiza. "Jibu, ee!"

"Sijui fasi ya kuingilia, Mama."

"Uingilie fasi minye napumua! Nikipumua, weye unakamata. Ukipumua, minye nakamata. Namna gani tutaacha ianguke?"

Wakaanza tena. Ikaanguka. Wakaanza tena, na safari hii nikaona vidole vya Florentine vikikaza mgongoni mwa yule mama. Sauti zikapishana, zikashikana, zikaenda. Kilikuwa kitambo kifupi sana. Kuku walirudi kwenye mpunga na hakuna aliyewafukuza.

Waliketi ukingoni mwa shitingi, wote wawili wakihema, na Ndayisenga akaleta maji.

"Na kule kwenu ku ziwa, munaimbaka nini?"

"Nyimbo za kanisa."

"Zile hata kwetu ziko. Nasema ya kwenu."

Florentine alisita. Mimi niliyemfahamu miaka yote ile sikuwahi kuusikia wimbo alioutoa hapo. Ulikuwa wa mama yake, wa kuanika ndagala: wimbo wa polepole, wa kumbembeleza jua lisijifiche na kumsuta kunguru kwa jina lake, wenye kishindo cha mguu kila baada ya mstari ili ndege waruke. Aliuimba kwa sauti ndogo, kama mtu anayekuonyesha kitu cha nyumbani ambacho hakuona kuwa kinafaa kuonyeshwa.

Ndayisenga hakungoja umalizike. Alikuwa amekwisha kusimama. Akaushika wimbo, akamtoa kunguru akamweka kuku wa jirani, akamtaja na jirani mwenyewe. Akazitoa ndagala akatia mpunga. Akauongeza mwendo maradufu, akipiga mguu palipo na mguu na pasipo na mguu. Majirani wa upande wa pili wa barabara wakaanza kupiga makofi.

"Hapana, Mama! Hapana!" Florentine aliruka. "Ile ni ya samaki! Na haikimbiake vile! Ukienda mbio, ndagala inakauka inje, ndani iko mubichi!"

"Ndagala iko wapi?" Ndayisenga aliuliza, akitazama huku na huku kwa mshangao wa kweli. Mbele yao kulikuwa na mpunga mtupu, manjano, hadi mwisho wa shitingi.

Florentine alifungua kinywa kujibu. Badala ya jibu kikatoka kicheko, kikubwa, kilichomkalisha chini.

"Kumbe njo vile! Njo vile mulinicheka!"

"Njo vile kabisa!" Ndayisenga naye akaanguka kando yake, na pengo lake la jino likaonekana lote.

Walipotulia, Florentine alibaki akiutazama mpunga. Alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwetu, kwamba tangu ziwa lichukue mchanga, wimbo ule haukuwahi kuimbiwa kitu kilichotandazwa juani. Mama yake hauimbi tena. Hana cha kukiimbia. Kisha akamgeukia mwenzake.

"Mama, imba tena. Vile unaimba weye."

Niliona kwamba hapo palikuwa na jambo ambalo vitabu vyangu havikunipa jina lake, na bado sina hakika ninalo. Wimbo mmoja ulikuwa umechukuliwa bila kuombwa, na ukauma. Mwingine ulichukuliwa vilevile, mbele ya mwenyewe, ukabadilishwa hata kumkera, naye akaomba urudiwe. Pengine tofauti ilikuwa mpunga na ndagala tu. Pengine ilikuwa ile reki iliyotupwa chini.

Wakati wa kuagana Florentine aliuliza hatimaye alilolijia: je, ataiimba salamu ile jukwaani au aiache?

"Nitakukatazaje? Minye niko polisi?" Ndayisenga alisema. "Lakini usimuimbie mutu mwenye iko anaenda. Utatupatisha haya."

"Na utakuya kutuona?"

"Nitakuya, kama moto inapatikana. Lakini kupanda kule juu ku jukwaa, oya, hapana! Nitaikala na bantu bengine."

Basi tulirudi na kuupindua mchezo. Salamu ilihamia mwisho, pale mdogo mtu anaporudi kutoka ng'ambo, na sauti ya pili akapewa Nicole, msichana mcheshi aliyecheza nafasi hiyo. Florentine alimfundisha kwa kumkumbatia, mara nyingi, hadi Nicole, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, akalalamika:

"Yaya, unanikumbatia kama unanipima nguo."

Tukio la kuagana lilibaki bila wimbo. Dada wawili, mikono mitupu, kimya. Jean-Berchmans alihangaika.

"Mchezo ya kuimba, na fasi ya kulia batu bananyamaza! Batasema tumesahau."

"Baseme," alisema Florentine.

Dominika ilipofika, ukumbi ulijaa hata watu wakakaa madirishani. Kulikuwa na joto, watoto walilia, na furaha ilikuwa imetanda kiasi kwamba hata nyimbo za utangulizi zilipigiwa vigelegele. Tulikuwa tumewawekea wanawake wa bondeni benchi la mbele. Lilibaki tupu. Kila alipotoka nyuma ya pazia, Florentine alilitazama, na mimi niliyeketi kando ya jukwaa niliona namna uso wake ulivyokuwa ukifunga kidogo kidogo. Aliimba bila kosa. Lakini nilijua anachohesabu moyoni: walikuja walipotaka kucheka, na leo hawakuja.

Tukafika kwenye kuagana. Nicole alijitwika mzigo. Florentine akamshika mikono yote miwili. Kwaya ikanyamaza, ngoma zikanyamaza, na ukumbi, kwa mshangao wangu, ukanyamaza pia. Jean-Berchmans alinifinya paja kwa furaha.

Ndipo mlango wa chuma ulipokwaruza sakafu.

Kila mtu aligeuka. Ndayisenga alikuwa amesimama kwenye njia ya katikati, kikapu cha mchele kichwani, matope hadi kwenye vifundo, na wenzake wawili nyuma yake. Moto yao ilikuwa imepata pancha Sange. Alipoona nyuso zote zimemgeukia alishikwa na haya, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Usimuangalie," Jean-Berchmans alinong'ona kuelekea jukwaani. "Dada, endelea. Endelea!"

Florentine aliiachia mikono ya Nicole. Aliteremka ngazi, akapita kati ya mabenchi na vazi lake la mchezo, na kabla hajamfikia alikuwa amekwisha kuanza. Ile salamu. Katika tukio lilelile la kuagana ambamo tuliiondoa salamu hiyo kwa aibu.

Ndayisenga alitazama huku na huku. Kikapu kilimzuia kukumbatia. Nilikuwa nimeinuka bila kujua, nikakipokea. Naye, aliyeapa kwamba angeketi tu na watu wengine, hakuweza kumwacha mtu amsalimie bila kuitika. Alipomsikia Florentine akivuta pumzi, akaikamata sauti.

Ukumbi ulilipuka. Walicheka, ndiyo, walicheka kuliko siku ile ya kwanza, lakini walikuwa wamesimama, na vigelegele vilitoka pande zote, na yule mwanamke kijana aliyemuuliza Florentine nani alimpatia salamu ile alikuwa nyuma ya Ndayisenga akipiga makofi kwa mikono iliyoinuliwa. Sauti mbili zilipita juu ya kelele zote, zikishikana na kuachana. Haikuanguka hata mara moja.

Ilipokwisha, kutoka jukwaani, chini ya mzigo wake, Nicole akapaza sauti:

"Yaya! Boti inaniacha! Ao unataka niende kwanza, nirudi, njo unisalimie vile?"

Sijawahi kusikia ukumbi ukicheka namna hiyo. Florentine alipanda ngazi akifuta macho, akamshika tena mikono mdogo wake, akamuaga kimya kimya, na watu waliokuwa wakicheka walijikuta wanalia bila kujua walivuka wapi. Na mwisho wa mchezo, Nicole aliporudi kutoka ng'ambo na wawili wakakumbatiana kuimba, sauti ya Ndayisenga ilisikika kutoka benchi la mbele, wazi, bila haya yoyote:

"Ungoje apumue! Apumue kwanza!"

Jean-Berchmans bado anasema kwamba Florentine aliuvunja mchezo wake, na huwaeleza watu hivyo akijisifu. Mimi sijaamua. Sijui kama tulichokiona Dominika ile kilikuwa sehemu ya mchezo au mchezo ulisimama ili kukipisha, na nimejaribu kuliandika jambo hili kwa njia zote mbili. Huko Luberizi, naambiwa, kuku wa jirani sasa wanasutwa kwa wimbo wa kunguru wa Kavimvira, kwa mwendo wa kasi usiofaa ndagala.

Wiki iliyopita nilipeleka kitambaa cha shati kwa Mama Espoir. Nilimsikia kabla ya kumwona, tangu barabarani. Kola imepinda upande wa kushoto, na ninaivaa hivyohivyo.